Ukoo Usio na Mvulana

"Mayai yako wapi?"

Msimamizi aliuliza bila kuinua uso. Mezani kwake vichupa arobaini na kimoja vilikuwa vimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha, kila kimoja na karatasi yake shingoni. Mama Wembe alisimama upande wa pili, aproni ya plastiki ikichuruzika maji sakafuni, mikono ameiweka nyuma asije akachafua kitu.

"Mayai gani, bosi?"

"Mayai ya chewa, mama. Chewa mkubwa, tumbo kama gunia, halafu kwenye kichupa chake unaniletea nini? Uzi!" Alikiinua kimoja akakitikisa. Ndani ya dawa kilielea kipande cheupe, chembamba kama utambi wa taa. "Wadogo mia na sitini na watatu, wote majike, wote na mayai yao. Wakubwa arobaini na mmoja, wote umeandika dume. Wote! Ukoo gani huu, mama, wanawake wote wafupi, wanaume wote warefu?"

"Mimi nimeandika nilichokiona."

"Umeandika unachotaka nikione mimi. Mayai ya samaki mkubwa huko mtaani yanagombaniwa. Unayatoa, unatia utumbo kichupani, unaandika dume, mchezo umekwisha. Mimi nimesomea stoo, mama. Mzigo ukipungua, kuna mkono."

Mama Wembe alitazama vile vichupa. Miezi minne alikuwa amevijaza kimoja kimoja. Kituo cha utafiti wa samaki kilitaka kujua mambo matatu juu ya chewa: anakua kwa mwendo gani, anaanza kuzaa akiwa na urefu gani, na anazaa msimu upi. Majibu yakipatikana itatungwa kanuni ya samaki gani avuliwe na gani aachwe baharini. Daktari wa samaki, mama mmoja mpole aliyeianzisha kazi hiyo, alikuwa melini wiki ya tatu sasa, mahali simu isipofika. Kabla hajaondoka alimtoa Mama Wembe kwenye meza za kupaa samaki sokoni, akamfundisha ubao wa kupimia, mizani, na hatua tano za kifuko cha mayai, kuanzia kile chembamba kinachopitisha mwanga hadi kile kilicholegea kama puto la jana. Akamfundisha na kupasua kichwa kutoa kijiwe cha sikio, maana kijiwe hicho kina pete, na pete ndiyo miaka ya samaki. Mama Wembe alijifunza yote kwa wiki mbili. Kusoma kwake ni kwa shule ya msingi, lakini kisu chake kilikuwa na digrii.

"Soma hii," Msimamizi akasema, akisukuma karatasi.

Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilisema yeye, mkata samaki, anakiri kuchukua mayai ya samaki arobaini na mmoja, anaomba radhi, hatarudia. Akitia saini, atasamehewa na kazi ataendelea nayo, na fomu zitarekebishwa: palipoandikwa dume, paandikwe jike. Asipotia saini, Jumatatu Mkuu wa kituo ataletewa barua nyingine, ya kumfukuza.

"Hii ya kurekebisha fomu," Mama Wembe akasema taratibu, kidole hewani juu ya mstari ule, "mbona samaki wenyewe hawajabadilika?"

"Nenda kafikirie. Ijumaa leo. Una siku mbili."

* * *

Getini askari alimzuia. Kila siku alikuwa akimpungia mkono na kumwita shangazi. Leo alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Samahani, mama. Ni amri. Bakuli."

Watu wa zamu walikuwa wamejipanga nyuma yake kutoka. Mama Wembe akafunua bakuli. Mlikuwa na vichwa vitatu vya chewa, vimepasuliwa katikati ya paji, vijiwe vimeshatolewa. Daktari ndiye aliyemruhusu kuvichukua, kwa mdomo tu, na mdomo wenyewe ulikuwa melini. Askari akavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti, akachungulia hata mashavuni.

"Na mkoba, shangazi."

Akatoa mkoba. Kanga, chupa ya maji, daftari la mistari lenye jalada lililolowa na kukauka mara nyingi. Nyuma mtu akakohoa kikohozi cha kicheko. Mwingine, aliyejua kazi ya mumewe, akasema, si kwa sauti ya kunong'ona, "Ndiyo maana watoto wa kinyozi wananenepa."

"Nina mtoto mmoja," Mama Wembe akajibu bila kugeuka, "na ni mwembamba kama akili yako."

Walicheka, naye akapita kichwa juu. Lakini alipovuka kona, mahali wasipomwona, aliketi juu ya tofali akaifunga kanga upya mara mbili, ingawa haikuwa imefunguka.

* * *

Habari ilimtangulia nyumbani. Mumewe alikuwa na chumba kimoja cha kunyolea, kilichopakana na nyumba yao, na kiti cha kinyozi ni kama kisima, kila mtu huja kuchota na kila mtu hudondosha kitu. Jumamosi asubuhi mteja mmoja, kichwa kimejaa povu, alimuuliza, "Eti fundi, leo mmekula mayai ya kuku au ya chewa?" Kinyozi alimaliza upande mmoja, akapiga kofi kitambaa, akamwambia, "Upande wa pili kanyolewe na aliyekuambia." Mteja akaondoka na nusu ya nywele zake, akilaani hadi barabarani.

Ila mume mwenyewe alipoingia ndani, moto ule ulikuwa umekwisha.

"Tia saini, mke wangu."

"Nitie saini kwamba mimi ni mwizi?"

"Tia saini kwamba umechoka. Karatasi haina macho. Utaomba radhi, watanyamaza, baada ya mwezi watapata mwingine wa kumsema. Mimi siku hizi nanyoa vichwa vitano, sita. Vijana wote wanataka mashine zenye taa. Ada ya huyu mtoto unaijua. Tutakula kiburi?"

"Hujaniuliza kama niliyachukua."

Kinyozi akamtazama kama mtu aliyepigwa. "Miaka kumi na tisa nalala ubavuni kwako. Nikuulize nini?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Naogopa tu."

Hapo ndipo Mama Wembe alipoona uzito wa jambo. Angekuwa anagombana na mtu mbaya, angegombana. Lakini utagombanaje na mtu anayeogopa kwa ajili yako?

"Tatizo si jina langu peke yake," akamwambia. "Wanataka kuandika kwamba wale wakubwa wote ni majike. Kanuni itatoka hapo. Watu wataambiwa, vueni hivi, acheni vile, kwa hesabu ya uongo wenye saini yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, baba, na siri ya samaki aijuaye kisu. Kisu kikisema uongo, nani atabaki kusema kweli?"

Kinyozi alisugua wembe wake kwenye mkanda, ingawa ulikuwa tayari unakata.

* * *

Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na kazi ya binti. Mama Wembe aliandika kwa shida, herufi zake kubwa na zilizoinama, na mezani pa kukatia mikono huwa na maji. Kwa hiyo aliandika kwanza katika daftari lake, kwa alama zake, na binti yake wa kidato cha pili akamnakilia safi kwa ajili ya fomu za kesho. Jumapili ile waliketi uani kwenye mkeka, chai katikati yao, kama kwamba hakuna lililotokea.

"Leo nawapanga kwa pete," binti akasema. "Yaani kwa umri. Mama, hawa chewa wanakimbia! Mwenye pete moja ni kiganja. Mwenye pete tatu anajaza sinia. Halafu kuanzia hapo wanakwenda kwa kujivuta."

"Ndivyo walivyo. Mwaka wa kwanza na wa pili chewa hukua kama mtoto aliyeachiwa sufuria. Akishaanza kuzaa, chakula kinakwenda kwenye mayai, mwili unangoja."

Binti aliendelea kuandika, ulimi nje. Kisha kalamu ikasimama.

"Mama. Dume mdogo kuliko wote ana pete ngapi?"

"Tazama humo."

"Tisa. Nimetazama mara mbili. Hakuna dume mwenye pete mbili, wala tatu, wala nne. Wote wazee." Akainua macho. "Sasa walikuwa wapi walipokuwa wadogo? Mbona ukoo huu una mababu tupu, hauna mvulana hata mmoja?"

Mama Wembe alikuwa ameinua kikombe. Hakikufika mdomoni.

Tangu mwezi wa kwanza kulikuwa na kitu kilichomsumbua, kidogo, kama mwiba wa samaki ulioachwa kwenye fizi. Kifuko cha dume anakijua tangu sokoni. Kibua dume, ukikikata kifuko chake, kimeshiba mpaka katikati, kama kipande cha sabuni. Lakini cha chewa dume, ukikikata kwa kuvuka, katikati pana uwazi. Chumba kidogo chenye kuta laini, hakina kitu ndani. Alishawahi kuviona vyumba vya namna hiyo, lakini kwa majike tu. Ndimo mayai yanamokaa.

Alikuwa amefikiri ni tabia ya chewa tu. Fundi hajiulizi kwa nini kila nyumba ina mlango. Sasa alijiuliza: mwanamume anajengewa chumba cha uzazi cha nini?

"Hawakuwa wavulana," akasema.

"Nani?"

"Hao mababu." Akaweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye mkeka, hakuna aliyejali. "Walikuwa mabinti. Kila mmoja wao. Wamezaa, wamezaa, wakafika umri wao, wakahama upande. Ewe Mola! Bibi amegeuka babu, na ile nyumba ya zamani bado anatembea nayo tumboni!"

Binti alianza kucheka, akaona uso wa mama yake, akaweka kalamu chini. Uso ule haukuwa wa mtu aliyepata silaha. Ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri mno, ambaye hana wa kumshukuru.

* * *

Jumatatu Kinyozi alifunga duka lake asubuhi nzima. Aproni aliifua yeye mwenyewe, akaibeba mkononi kama nguo ya harusi, akamsindikiza mkewe hadi getini.

"Bado unaogopa?" Mama Wembe akamuuliza.

"Sana. Nenda."

Ofisini kwa Mkuu barua mbili zililala pamoja juu ya meza. Mkuu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, aliyechoshwa na mambo ya jenereta na bajeti. Kando yake alisimama Msimamizi, tai imenyooka.

"Mama, nimeelezwa," Mkuu akasema. "Mimi sipendi makubwa. Tia saini hapa, turudi kazini."

"Nitatia, mzee, nikishindwa jambo moja. Kitendawili."

Msimamizi akaguna. "Mkuu, huku ni kupotezeana muda."

Lakini Mkuu alikuwa amelelewa na watu, na neno lilimtoka mdomoni kabla ya cheo: "Tega."

"Kuna ukoo una akina baba arobaini na mmoja, wote wazee. Una akina mama na mabinti mia na sitini na watatu. Tangu ukoo uwepo, hajaonekana mvulana. Hao baba wametoka wapi?"

Mkuu alifikiri. Alivua miwani akafikiri tena. "Wameoa kutoka nje?"

"Nje hakuna watu."

"Basi nimeshindwa. Nikupe mji."

"Mji sina pa kuuweka. Nipe samaki watano. Chewa wanne kutoka kwenye barafu, mchague nyinyi wenyewe, na kibua mmoja dume. Nami nisiguse kitu mpaka mnikague."

Mkuu akatia barua mbili mfukoni, wakaenda chumba cha kukatia. Mama Wembe alikunja mikono ya gauni hadi juu ya kiwiko, akageuza mifuko nje, akafungua viganja mbele ya uso wa Msimamizi. "Nusa," akamwambia. Msimamizi akaangalia pembeni. Watu wa zamu walikuwa wameanza kujaa mlangoni, pamoja na yule mwenye kikohozi.

Alianza na kibua. Kisu kiliingia nyuma, kikapanda hadi kooni bila kugusa utumbo, laini kama mtu anayevuta zipu. Akatoa kifuko cheupe, akakikata kwa kuvuka, akaonyesha. "Dume tangu azaliwe. Kimejaa hadi katikati."

Kisha chewa mkubwa kuliko wote. Tumbo lile lililosemwa ni gunia likafunguka. Mafuta, ini, kaa mzima aliyemezwa, na chini kabisa, pembezoni mwa mgongo, nyuzi mbili nyeupe. "Huu hapa uzi wako, bosi. Tumbo ni la ulafi, si la uzazi." Mtu mlangoni akacheka na kujiziba mdomo. Mama Wembe akaukata uzi kwa kuvuka, akauminya. Likatoka tone moja jeupe kama maziwa. Akaweka kipande kwenye kioo chini ya hadubini, akasogea kando.

"Tazama katikati, mzee."

Mkuu akainama, jicho moja amelifumba, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Alikaa hapo muda mrefu.

"Kuna tundu," akasema.

"Chumba. Mayai yalikaa humo, miaka na miaka. Aliyekaa ndani amehama, nyumba imebaki."

Wa pili akawa vilevile. Wa tatu alikuwa mdogo, jike, kifuko cha rangi ya chungwa, punje zake zinahesabika kwa macho. Watu wakasema aah. Wa nne alikuwa wa katikati. Msimamizi ndiye aliyemchagua, wa kimo kile kisicho kikubwa wala kidogo, akiamini huyo ndiye atakayemwangusha. Mama Wembe alipokifungua kifuko chake, kisu kilisimama. Hata yeye hakuwahi kukiona hiki, au alikiona bila kujua anaona nini. Ndani mlikuwa na punje chache za mayai, zimesinyaa, manjano ya kufifia, na kando yake, kwenye ukuta wa chumba kilekile, weupe umeanza kuota.

"Huyu," akasema, na sauti yake ikashuka yenyewe, "tumemkuta njiani."

Mkuu alitazama kwenye hadubini, akampisha fundi wa maabara, fundi akampisha askari wa getini aliyejipenyeza hakuna ajuaye saa ngapi. Mkuu alipoinuka alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

"Nilifundishwa hili chuoni," akasema. "Samaki wanaoanza wakiwa majike. Mstari mmoja ubaoni, nikaunakili, nikafaulu mtihani, nikausahau. Miaka thelathini." Akamgeukia Mama Wembe. "Wewe nani alikuambia?"

"Binti yangu aliuliza mvulana yuko wapi. Mengine wamesema wenyewe."

"Unajua kama tungebadilisha zile fomu..."

"Tungeambiwa wakubwa ni mama tu kama wengine, tuwavue, mama wapo wengi," Mama Wembe akamalizia. "Kumbe wakubwa ndio baba pekee. Ukiwamaliza hao, mabinti wote baharini wanabeba mayai yasiyo na mwenyewe."

Mkuu akazichukua barua mbili kutoka mfukoni, akazichana pamoja, akatafuta pa kutupa vipande, akaishia kuvitia kwenye ndoo ya utumbo.

"Msimamizi atakuandikia barua ya kukuomba radhi. Leo hii."

Msimamizi alisimama ukutani, tai imepinda. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alikuwa kijana, pengine wa miaka thelathini, na wakati ule alionekana wa kumi na miwili. Mama Wembe alimtazama. Ijumaa na Jumamosi alikuwa ametunga maneno ya kumwambia, makali, yenye viungo vyote. Sasa aliyatafuta, akakuta yamepoa.

"Barua sitaki, mzee. Barua nimeziogopa. Nataka siku moja. Avae aproni, akae mezani kwangu, akate. Anayekagua vichupa ajue vinajazwaje, ili akija mwingine baada yangu, mama wa mtu, asiulizwe mayai ambayo Mungu hakuyaweka."

"Mkuu, mimi ni mtu wa stoo," Msimamizi akaanza.

"Aproni," Mkuu akasema, akatoka.

* * *

Msimamizi alipewa aproni ndefu, ikamfika kwenye viatu. Tai aliitia mfukoni. Samaki wa kwanza alimkata kwa nguvu, kisu kikazama, utumbo ukapasuka, na harufu yake ikawatoa watu wote mlangoni mbio. Macho yalimjaa machozi. Mama Wembe hakucheka, ingawa ilimgharimu.

"Taratibu, baba. Usimchome, amekwisha kufa. Kata kama unafungua barua ya mtu mwingine, unayotaka kuirudisha."

Wa pili alimharibu nusu. Wa tatu alimfungua vizuri mpaka kooni. Alisogeza ini kando kwa kidole kimoja, kama alivyoonyeshwa, akavitafuta vifuko chini ya mgongo. Akavipata. Alihema kama mtu aliyepata ufunguo.

"Huyu ni... dume?"

"Usiniulize mimi. Muulize yeye."

Akakata kwa kuvuka, akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Akakileta karibu. Akasahau mikono yake, akasahau harufu, akasahau kwamba mama wa watu alikuwa amesimama begani kwake akimngoja.

"Kipo," akasema polepole. "Chumba kipo."

Mama Wembe alifuta penseli kwenye aproni yake, akamsogezea fomu.

"Basi andika."